Kutoka Mabegani Hadi Kwenye Kabureta

Ukimwuliza kijana yeyote wa Tunduma historia ya mji wake, atakutajia malori. Atakueleza foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, biashara ya kubadili shilingi na kwacha, reli ya TAZARA iliyozinduliwa mwaka 1976, na kama ni mfuatiliaji kidogo atakuongezea kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 na mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kutoka tumboni mwa Mbeya. Boti hatazitaja. Atazitajaje? Mji uko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mtoto wa hapa anaweza kufika kidato cha nne hajawahi kuona wimbi.

Mimi nadai, na nyie washikaji mnaweza kunibishia mkimaliza kusoma, kwamba historia ya vyombo vya majini vya sehemu hii ya Afrika ilipita hapa hapa mlangoni kwetu. Ilipita kwa miguu, mabegani mwa watu. Na mpaka leo inapita, safari hii kwenye buti la basi, imefungwa ndani ya gunia la sandarusi na kunuka petroli.

Chukua ramani. Mashariki yetu kuna Ziwa Nyasa. Magharibi kuna ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Kaskazini, chini bondeni, kuna Ziwa Rukwa, lile la maji ya magadi yasiyo na kina. Sisi tuko katikati kama jiwe moja la jiko lililosahauliwa na mapishi. Mtu anayetaka kutoka Nyasa kwenda Tanganyika bila kuzunguka mbali hana budi kupita kwenye huu mgongo wa nchi.

*Meli zilizotembea kwa miguu*

Waskochi waliligundua hilo mapema. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ijengwe barabara kutoka Karonga hadi kusini mwa Ziwa Tanganyika. Haikukamilika kama alivyoota, na mhandisi wake, James Stewart, alifia kazini mwaka 1883. Hata hivyo jina la Stevenson liliganda kwenye ramani. Njia hiyo ilipita Mwenzo na Fife, upande wa pili tu wa mpaka wetu wa leo, mahali ambapo ukisimama Tunduma jioni unaona moshi wa majiko yao.

Kwa njia hiyo London Missionary Society walipitisha meli nzima. Iliitwa Good News, Habari Njema. Ilitoka Uingereza ikiwa vipande vipande, ikaingilia Quelimane, ikapanda mto Zambezi na mto Shire, ikabebwa na watu kuyazunguka maporomoko, ikavuka Ziwa Nyasa, halafu ikatua Karonga. Kutoka hapo safari ilikuwa ya nyayo. Mabamba ya chuma, ribiti, mabomba, sehemu za boila: kila kitu kilipata mgongo wake. Mwaka 1885 ikashushwa majini Ziwa Tanganyika, ikawa meli ya kwanza ya mvuke huko.

Wajerumani nao wakafuata nyayo. Meli yao Hedwig von Wissmann ilipandishwa hivyo hivyo, kwa Zambezi na Shire na Nyasa, ikavushwa nchi kavu, na mwaka 1900 ikaelea Tanganyika.

Sasa ndugu msomaji, hebu tuulizane. Jina la Stevenson tunalijua. Jina la Edward Hore, baharia wa wamisionari, tunalijua. Jina la Hedwig, mke wa gavana, liliandikwa kwenye chuma. Je, yule mtu aliyebeba bamba la ubavu wa meli kutoka Karonga hadi Tanganyika, akalala njiani na kidonda begani, akaamka akalibeba tena, yeye aliitwa nani? Mnyamwanga? Mnyiha? Mnyakyusa? Mwanda? Katika vitabu yumo kama tarakimu: wapagazi kadhaa, mizigo kadhaa. Aliibeba meli asijue itakavyoelea, na pengine alikufa bila kuiona ikielea.

Swali hili nataka ulishike. Tutalirudia tukifika gereji.

*Petroli inaingia ziwani*

Meli hizo zote zilikwenda kwa mvuke. Mvuke una adabu zake: unataka kuni, unataka maji, unataka muda wa kuchemka. Huwezi kuamka usingizini ukakimbia na boila baridi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walikuwa wameshika Ziwa Tanganyika wakiwa na Hedwig na kimeli kidogo, Kingani. Mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen, lile jitu lililosafirishwa kwa makreti kutoka Papenburg hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ndilo hilo hilo lililozamishwa na wenyewe mwaka 1916, likaibuliwa, na kuanzia mwaka 1927 likaitwa Liemba. Waingereza wakajibu kwa kitu kilichochekesha watu wengi. Walileta boti mbili za mbao zenye urefu wa futi 40 tu. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, akakataliwa, akaziita Mimi na Toutou, yaani sauti za paka na mbwa kwa lugha ya watoto wa Kifaransa. Zilishuka Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikaburutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, zikateremka mto Lualaba, na Oktoba 1915 zikafika Lukuga.

Udogo wake ulikuwa ujanja. Zilibeba injini za petroli. Injini ya petroli haina boila wala kuni, ina kabureta. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Yaani chuma kilichovuka nchi kavu mabegani mwa watu kwa jasho la miezi kilipelekwa chini ya maji katika siku moja, katika vita ambavyo wabebaji wake hawakuulizwa kama wanavitaka.

Na petroli ikaandika pia ukurasa wa mwisho wa vita hivyo huku kwetu. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilipita nchi yetu likielekea kusini, likapigana Fife, kisha likaenda Kasama. Tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya vita kwisha Ulaya, watu wake walimkamata mjumbe wa Kiingereza akiwa juu ya pikipiki. Mfukoni alikuwa na habari kwamba vita imekwisha. Tarehe 25 Novemba Wajerumani wakaweka silaha chini huko Abercorn, mji tunaouita leo Mbala. Makumi ya maelfu ya wabebaji wa pande zote walikuwa wamekufa Afrika Mashariki. Mizigo ilikwenda kwa miguu miaka yote minne, lakini habari ya amani ilikuja kwa kabureta.

*Tundu*

Basi kabureta ni nini? Wengi tunalitamka neno hili kama tunavyotamka figo: tunajua lipo, tunajua likiharibika ni balaa, kazi yake hatuijui.

Chukua lile bomba la zamani la kupulizia dawa ya mbu, la kusukuma kwa mkono. Ukisukuma, hewa inapita kwa kasi juu ya mdomo wa kamrija kaliyozama kwenye dawa. Dawa inapanda yenyewe, inakutana na hewa, inageuka ukungu. Umeona? Hakuna aliyeisukuma dawa. Hewa ikikimbia, msukumo wake hupungua, na kile kilichotulia chini huvutwa juu. Daniel Bernoulli aliandika habari hiyo mwaka 1738, na Giovanni Venturi wa Italia akaeleza mwaka 1797 jinsi mrija uliobanwa kiunoni unavyofanya maji yakimbie zaidi. Ikapita karibu karne nzima kabla mafundi hawajaliweka wazo hilo ndani ya injini. Mwaka 1893 Wahungari Donát Bánki na János Csonka walipata hati ya kabureta yao, na miaka hiyo hiyo Mjerumani Wilhelm Maybach alikuwa na yake ya kunyunyiza.

Kabureta ndiyo hiyo: bomba la mbu lililopewa akili. Kuna bakuli la petroli. Ndani ya bakuli kuna floti, boya dogo linalopanda mafuta yakijaa na kuifunga sindano ya mlangoni, sawasawa na boya la tangi la choo. Kuna njia ya hewa iliyobanwa kiunoni. Kuna jeti, kipande cha shaba chenye tundu dogo sana. Na kuna kipepeo, bamba la duara linalogeuka ndani ya njia ya hewa. Hilo ndilo linaloitii akselereta. Ukizungusha mkono wa boti, kipepeo hufunguka, hewa inakimbia, petroli inapanda kwenye jeti, boti inanyanyua pua.

Mwaka 1909 Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norwei aliyekaa Milwaukee huko Marekani, alianza kuuza injini ya kuning'iniza nyuma ya mtumbwi. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kupiga makasia kumfuatia mchumba wake aiskrimu na kuikuta imeyeyuka. Hadithi za wavumbuzi mara nyingi huwa na sukari ya kuongeza, lakini injini yenyewe ilikuwa kweli. Mwaka 1960 Yamaha wa Japani nao wakatoa yao ya kwanza, na kama umewahi kusimama mwaloni popote Tanzania, ndilo jina utakalolisoma mara nyingi zaidi kwenye kofia za mashine.

*Gereji nyuma ya stendi*

Mashine hizo zikiugua kule Kasanga na vijiji vya ziwani, nyingine huja Tunduma. Barabara ya Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200, inaishia kwetu, na kwetu ndiko spea zinakopita. Kaka ya mama yangu ana banda la mabati nyuma ya stendi. Pikipiki ndizo zinazompa ugali. Injini za boti ndizo zinazompa heshima. Nimekaa pale miaka kadhaa nikishika tochi na bisibisi, na ninayoandika hapa nimeyaona.

Siku moja walikuja vijana wawili wa ziwani na mashine ya zamani ya silinda mbili, rangi imebabuka, kofia imefungwa kwa kamba. Walikuwa wamelala ziwani usiku mzima. Ulikuwa msimu wa upepo wa kusini, ule unaoanza kama mwezi wa tano na kupiga hadi mwezi wa tisa. Mashine ilizima na upepo ukawachukua. Upande huu ni Tanzania, kule Zambia, ng'ambo Kongo. Upepo hauna pasipoti. Waliokolewa alfajiri na watu wa dagaa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba wanangu. Inasemaje?"

"Inawaka vizuri tu. Ila ukiipa mafuta inakufa."

"Inakufa palepale, au inaguna kwanza?"

"Inaguna kwanza mzee, halafu kimya."

"Mkiminya ile pampu ya mpira kwenye mrija, inarudi?"

"Hairudi."

"Mkivuta choki?"

Wakatazamana. Mdogo wao akasema, "Ukivuta choki inataka kuondoka."

Mjomba akaniangalia. "Andika," akasema, maana anajua huwa natembea na daftari. "Ingekufa bila kupewa mafuta, ugonjwa ungekuwa jeti ndogo. Inakufa ikipewa, basi ni jeti kubwa. Pampu ingewasaidia, ningefungua pampu na mirija. Choki inapunguza hewa ili mafuta yavutwe zaidi; ikiwasaidia, ina maana mashine ina njaa. Bado hatujashika spana, na tumeshajua pa kuanzia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ufundi unaanza masikioni.

Alifunga mafuta, akachomoa waya za plagi ili isije ikatoa cheche, akatoa kifuniko cha hewa mbele, akafungua nati mbili na kuitoa kabureta nzima. Kila skrubu aliipanga kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio aliotolea. Kabla ya kuligusa bakuli aliliinamisha juu ya kikombe cha kioo. Petroli ikatoka, na chini yake yakatulia matone ya maji, yakizunguka kama zebaki. Alipolifungua tukakuta unga mweupe, kutu ya alumini, na utando wa kahawia mithili ya gundi, ile petroli inayobaki mashine ikilala wiki nyingi bila kufanya kazi.

Jeti kubwa aliielekeza kwenye mwanga wa mlango. Tundu lilipaswa kuonekana kama nyota. Lilikuwa mwezi mwandamo.

Kijana mkubwa akatoa mfukoni kipande cha waya wa breki. "Fundi, si tuzibue na hii?" Mjomba akaukamata ule mkono. Shaba ni laini, akamwambia. Waya wa chuma ukipita unakwangua, tundu linapanuka, na tundu likishapanuka hakuna dawa ila kununua jeti nyingine. Aliiloweka kwenye petroli safi, akapitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mwembamba, kisha akapuliza kwa upepo wa kompresa. Kila kijia cha kabureta alikipuliza, akaweka kidole upande wa pili kuhakikisha upepo unatoka.

Halafu sindano ya floti. Aliipitisha kwenye ukucha. Ikiwa ncha yake ina mfereji wa kuzunguka, haifungi tena. Mafuta yatafurika, mashine itatoa moshi mzito na kulowesha plagi. Ilikuwa nzima. Akairudisha, akaigeuza kabureta juu chini, na kuitazama floti kwa jicho moja: lazima ilale sambamba na ukingo. Ikiinama sana bakuli litakuwa na mafuta ya kuzidi, ikinyanyuka sana yatakuwa machache. Alikunja kile kiulimi cha bati kwa kiasi cha unene wa karatasi.

Gasketi mpya, skrubu za bakuli zikakazwa kwa mkingamo ili bakuli lisipinde. Kisha skrubu ndogo ya pembeni, ya mchanganyiko wa sailensa, yaani mashine inaponguruma taratibu. Hii huingizwa pole pole mpaka iguse tu, bila kukazwa, maana ncha yake ni nyembamba. Ndipo inarudishwa nyuma mzunguko mmoja na nusu hivi, kufuatana na mashine. "Huo ni mwanzo wa mazungumzo," alisema, "jibu utapewa na mashine yenyewe."

Mwisho akaja kwenye akselereta, mahali ambapo mafundi wengi wa haraka haraka hawafiki. Kwenye mashine hizi za zamani, ukizungusha mkono unafanya mambo mawili. Chini ya gurudumu la sumaku kuna sahani yenye koili. Inazunguka na kuiwahisha cheche. Sahani hiyo hiyo ina ukingo uliopinda unaosukuma kirola, na kirola kinafungua kipepeo. Cheche na mafuta lazima viende pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja. Kipepeo kikitangulia, mashine inaguna na kukohoa. Cheche ikitangulia sana, inagonga. Kuna alama imechongwa: kirola kinapofika kwenye alama, hapo ndipo kipepeo kianze kufunguka, sio kabla. Ya vijana wale ilikuwa imepishana kidogo, kwa sababu mtu fulani aliwahi kulegeza skrubu na kuifunga kwa macho. Mjomba alirekebisha, akazungusha mkono hadi mwisho kuhakikisha kipepeo kinalala wazi kabisa, akaachia kuona kinarudi bila kunata. Akapaka grisi waya wenyewe.

Ilipowashwa ndani ya pipa la maji, ilinguruma kama paka aliyeshiba.

*Hewa ya mlimani, hewa ya ziwani*

Vijana walishatoa pesa, wakitaka kuondoka. Mjomba akawazuia. Na hili ndilo jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwa Kiswahili mahali popote, kwa hiyo naomba uniazime sikio.

Tunduma iko juu ya mita 1,500. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na Rukwa kwenye mita 800 hivi. Hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya kule. Kabureta haina macho. Inapima kwa tundu lile lile. Ukiirekebisha hapa mlimani mpaka iimbe vizuri, umeipangia mafuta ya hewa nyepesi. Ikishuka ziwani inakutana na hewa nzito, na mafuta yanakuwa machache kwa hewa hiyo.

Kwenye gari ungesema ni tatizo dogo. Kwenye injini ya boti ya zamani sivyo. Mashine hizi hazina oili ya kwao chini kama gari. Oili inachanganywa na petroli, na ndiyo inayolainisha pistoni. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 maana yake dumu la lita 20 linapata mililita 400 za oili. Mafuta yakipungua kwenye jeti, oili nayo imepungua. Joto linapanda, pistoni inavimba, inakamata ukuta wa silinda. Unakuwa katikati ya ziwa na chuma kimoja kizito kisichogeuka.

Kwa hiyo aliiachia skrubu ile ikiwa na mafuta kidogo ya ziada, akawafundisha namna ya kumalizia huko huko: boti iwe majini, mashine imepata moto, gia imeingia na mwendo ni mdogo. Kaza skrubu kidogo kidogo mpaka ianze kukohoa; kumbuka hapo. Rudisha nyuma mpaka iwe nzito na kuyumba. Kumbuka hapo pia. Weka katikati, halafu iongezee mafuta kidogo. Subiri kati ya mguso na mguso, kwa sababu mashine inajibu taratibu. "Na chujeni mafuta," akamalizia. "Mkichuja hapa mtaani mnapunguza kazi yangu. Mkichuja kule mnapunguza matanga."

Habari ya kuchuja ina historia yake. Kuna wakati petroli ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa ili mtu apate faida ya chapuchapu, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 2010, wa uchaguzi mkuu, neno kuchakachua lilitoka kwenye vituo vya mafuta na kuingia kwenye masanduku ya kura. Nyinyi mnaotaka kuandika mlitazame hilo. Neno lililozoeleka kwa habari za matangi likaingia kwenye magazeti na midomo ya wanasiasa, na hakuna aliyeliombea ruhusa.

*Nani ataandika?*

Kabureta za injini za boti zinaelekea ukingoni. Marekani ilitoa kanuni za moshi mwaka 1996, na katika miaka kumi iliyofuata mashine za zamani za kuchanganya oili zikasukumwa nje ya soko lao. British Seagull, waliokuwa maarufu kwa mashine zao, walifunga uzalishaji mwaka 1996. Jina la Evinrude lenyewe lilisimamishwa mwaka 2020. Mashine mpya zinanyunyiziwa petroli kwa kompyuta. Zinakula mafuta kidogo na hazitoi moshi mwingi, na mimi sina ugomvi nazo: mvuvi anayerudi nyumbani na pesa nyingi zaidi ni jambo jema. Ila kompyuta ikigoma saa tisa usiku kwenye upepo wa kusini, uzi wa kuvulia hauzibui kitu.

Kwetu mashine za zamani zitaendelea kwa miaka mingi bado, kwa sababu ni rahisi na mtu anaweza kuzifungua kwa spana mbili. Wanaojua kuzifungua vizuri ndio wanaopungua. Mjomba wangu ana umri wa kustaafu mara mbili. Alijifunza kwa kushika tochi, kama mimi. Kitabu chake cha mashine kiko kwa Kiingereza, hakina kurasa za kati, na hakisemi neno moja juu ya Tunduma na hewa yake nyepesi. Elimu ile ya mlimani na ziwani ni ya kwake na ya wenzake. Wameipata kwa pistoni zilizokamata na watu walioletwa ufukweni wakiwa wamefunikwa shuka.

Sasa narudi kwenye swali la yule mbebaji. Mwaka 1885 hakukuwa na mtu wa kwetu mwenye kalamu pembeni mwa njia ya Stevenson. Walioandika walikuwa wenye mizigo, nao waliandika mizigo yao. Mwaka 1915 walioandika walikuwa wenye boti. Visingizio hivyo sisi hatuna. Shule tumekwenda, kalamu zipo, daftari ni bei ya soda. Bado ukifungua magazeti yetu ya fasihi, hili likiwemo, utakuta mashairi ya mapenzi kurasa kumi na hadithi za mjini kurasa ishirini, na fundi hayumo hata kama mpita njia.

Mimi siwakatazi mapenzi. Nasema tu kwamba kila mtaa una banda la mabati, na ndani yake kuna mtu anayejua kitu ambacho vitabu havijui. Cherehani, redio, mashine ya kusaga, jiko la mkaa, injini ya boti. Nenda ukamshikie tochi. Mwulize alijifunza kwa nani, na huyo kwa nani. Andika maneno yake kama anavyoyasema, sailensa na jeti na choki, bila kuyavalisha tai.

Wale vijana wa ziwani walipiga simu baada ya siku nne. Walisema imekubali, na kwamba skrubu ilikaa karibu robo mzunguko zaidi ya pale ilipowekwa Tunduma. Mjomba alisikiliza, akanitazama, akasema neno moja: "Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika.